Mume wangu anasema naabudu miungu mitatu, anataka nibatizwe upya

Shikamoo Mwalimu,

Naishi Majengo, Moshi, nina watoto wawili, nauza ndizi na parachichi soko la Mbuyuni. Mume wangu ni mgumu, yaani mpagazi, anabeba mizigo ya wageni mlimani. Tulifunga ndoa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, kwao Marangu, huu ni mwaka wa tisa, na binti yetu wa kwanza alibatizwa hukohuko.

Mwaka jana wakati wa masika, kazi za mlimani zilipopungua, rafiki yake alimwalika kwenye ibada inayofanyika katika ukumbi wa kukodi. Sikuona ubaya. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa anakunywa mpaka hela ya unga inaisha, na tangu aanze kwenda huko hajagusa mbege wala bia. Namshukuru Mungu kwa hilo na sitaki kulificha.

Ila baada ya miezi michache alibatizwa tena mtoni, "kwa jina la Yesu" peke yake. Wanafundishwa kwamba Baba ndiye Yesu, Mwana ndiye Yesu, Roho ndiye Yesu, na kwamba sisi tunaotaja Utatu tuna miungu mitatu. Ananiambia hata majirani zetu Waislamu wanatuzidi, maana wao angalau wanajua Mungu ni mmoja.

Nilijaribu kumjibu kwa mfano niliofundishwa shule ya Jumapili: mlima ni mmoja, Kilimanjaro, lakini una Kibo, Mawenzi na Shira. Akacheka. Akasema, "Mimi Shira nimelala mara ngapi? Pale ni uwanda, kilele kilishabomoka zamani. Kwa hiyo Mungu wako wa tatu amebomoka?" Nikakosa la kusema.

Kilichoniuma zaidi kilitokea mezani. Binti yetu ana miaka saba. Alikuwa anaombea chakula, akaanza "kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu," baba yake akamkatisha hapohapo, akamwambia aseme Yesu tu. Mtoto akanyamaza. Usiku wakati namfunika akaniuliza, "Mama, kwani Mungu wetu ni wangapi?" Mwalimu, nililia.

Sasa tuna mtoto mchanga wa miezi saba. Mama mkwe anapiga simu kila wiki kutoka Marangu, anataka Desemba tukipanda nyumbani kuhesabiwa na ukoo, mtoto abatizwe, tena ameshaongea na wazee wa kanisa. Mume wangu amesema mtoto hataguswa na maji ya Utatu, eti Utatu ulitungwa na mfalme Konstantino wa Roma kwenye mkutano wa maaskofu huko Nikea mwaka 325 na haumo kwenye Biblia. Mama mkwe akaninong'oneza kwamba baba akiwa mlimani na wageni, sisi tunambatiza tu. Na mume wangu naye ananibembeleza nibatizwe upya ili nyumba iwe moja.

Nimechoka. Wakati mwingine najiambia maji ni maji, niingie tu mtoni nyumba itulie. Je, ni kweli naabudu miungu mitatu? Niingie hayo maji? Na mtoto nifanyeje?

Mama wa Wawili, Majengo, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na binti yako, maana wewe unaweza kusubiri na yeye hawezi. Mungu wetu ni wangapi? Mmoja. Mwambie leo kabla hajalala, usimzungushe, na baba yake akiwepo ni vizuri zaidi, kwa sababu hapo hatakuwa na la kupinga. "Sikiza, Ee Israeli, Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja." Ni Kumbukumbu la Torati 6:4, na Yesu mwenyewe alipoulizwa amri iliyo ya kwanza alianza na maneno hayohayo. Mkristo anayeungama Utatu halafu akasema miungu ni mitatu ameukana Utatu wenyewe. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 hawakuwaambia bibi zetu waongeze miungu miwili juu ya Ruwa, Mungu kwa Kichaga. Waliwaambia Ruwa ana Mwana.

Kuhusu mlima, mumeo alikuwa na haki ya kucheka. Usiukasirikie ule mfano, wala usiurudie. Kibo, Mawenzi na Shira ni vipande vya mlima. Ukiondoa Kibo, mlima umepungua. Baba si kipande cha Mungu. Mimi nilipokuwa nafundisha darasa la kipaimara nilikuwa natumia mfano wa maji: barafu, maji, mvuke. Niliupenda sana, mpaka kijana mmoja aliponiuliza, "Mwalimu, maji yakiwa barafu si hayawi mvuke tena? Kwa hiyo Mungu akiwa Mwana anaacha kuwa Baba?" Nilitambua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nawafundisha watoto wa Kilutheri fundisho lilelile la kundi la mumeo, bila kujua. Mafiga matatu nayo yana shida yake, kwa kuwa kila figa ni jiwe linalojitegemea. Mifano hii yote ama inamkata Mungu vipande, ama inamfanya mtu mmoja anayebadilisha mavazi.

Lugha yetu imetupa neno lililo bora kuliko mifano hiyo, na nimeshangaa maisha yangu yote kwamba wahubiri hawalitumii. Tunasema Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Nafsi. Uliisoma darasani kwenye sarufi: nafsi ya kwanza ni anayesema, mimi, nafsi ya pili ni anayeambiwa, wewe, nafsi ya tatu ni anayetajwa, yeye. Sasa fungua Yohana 14:16, Yesu anasema: "Nami nitamwomba Baba, naye atawapa Msaidizi mwingine." Yupo anayeomba, yupo anayeombwa, yupo anayetolewa. Soma Yohana 17, sura nzima ni sala, na Yesu anasema mimi na wewe tangu mwanzo hadi mwisho. Sidai kwamba sarufi inathibitisha fumbo la Mungu. Nasema tu kwamba Maandiko yenyewe yanazungumza hivyo, na sisi tunayafuata.

Najua watakavyokujibu. Watasema pale ule mwili wa Yesu, ubinadamu wake, ndio uliokuwa unaongea na uungu uliokuwa ndani yake. Ni jibu wanalolijua vizuri, na kwa Gethsemane linaweza kukuyumbisha. Basi nenda nao kwenye aya ya 5 ya ile sala ya Yohana 17: "Na sasa, Baba, unitukuze mimi pamoja nawe, kwa utukufu ule niliokuwa nao pamoja nawe kabla ya ulimwengu kuwako." Kabla ya ulimwengu kuwako hapakuwa na mwili wa Yesu, hapakuwa na Mariamu wala hori la Bethlehemu. Ila palikuwa na mimi na wewe. Na katika aya ya 24 anasema, "ulinipenda kabla ya kuwekwa msingi ulimwengu." Hapo ndipo moyo wangu unaposimama, mwanangu. Kama kabla ya dunia Mungu alikuwa peke yake bila wa kusema naye, alimpenda nani? Sisi tunaamini upendo wa Mungu haukuanza siku alipotuumba. Ulikuwamo.

Atakuletea Yohana 14:9, "Aliyeniona mimi amemwona Baba," na Yohana 10:30. Usiikimbie aya yoyote kati ya hizo, ni zako pia. Hiyo ya pili isome polepole: "Mimi na Baba tu umoja." Haikuandikwa "mimi na Baba ni mtu mmoja." Waliotafsiri Biblia yetu walikuwa makini, kwa sababu Kigiriki kinasema hivyohivyo: neno lililotumika pale ni la kitu kimoja, si la mtu mmoja. Hilo halikugunduliwa juzi. Mnamo mwaka 213 Tertullian, Mwafrika wa Carthage, katika nchi ya Tunisia ya leo, alimwandikia kwa ukali mtu aliyefundisha kwamba Baba na Mwana ni yuleyule, akamwonyesha neno hilo hilo. Ndiye pia wa kwanza tunayemjua kutumia neno la Kilatini la Utatu kwa maana hii.

Angalia huo mwaka. Miaka 112 kabla ya Nikea. Konstantino hata hajazaliwa.

Na kabla ya hapo, mnamo mwaka 112, Plinio, gavana wa Kirumi, alimwandikia Kaisari Trajano kwamba Wakristo hukutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama Mungu. Huyo gavana hakuwa upande wetu, alikuwa anawaua.

Ni kweli kwamba neno "Utatu" halimo kwenye Biblia, na usione haya kukiri. Kuna na jambo lingine nataka ulikiri kabla hujakamatwa nalo. Ukiwa na Biblia inayosema katika 1 Yohana 5 kwamba mbinguni kuna mashahidi watatu, Baba, Neno na Roho, usiitumie aya hiyo kama silaha. Maneno hayo hayamo katika nakala za Kigiriki za zamani. Msomi Erasmus alichapisha Agano Jipya la Kigiriki bila maneno hayo mwaka 1516 na 1519, akayaingiza mwaka 1522 baada ya kulaumiwa. Utatu haukuegemea pale, na ukiegemea pale utaanguka mbele ya mumeo bila sababu.

Sasa Nikea, maana ndiko alikokupiga zaidi, na ndiko ambako silaha aliyopewa inamgeukia. Ugomvi wa mwaka 325 haukuhusu idadi ya miungu. Pande zote mbili zilisema Mungu ni mmoja. Ario, kasisi wa Alexandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, kwamba ulikuwapo wakati ambapo hakuwapo. Maaskofu wakamkatalia, wakaandika kwamba Yesu ni "Mungu kweli kutoka kwa Mungu kweli," wa asili moja na Baba. Muulize mumeo taratibu, siku ambayo hana hasira: baba, wewe ungesimama na nani siku hiyo? Yeye ambaye anaimba Yesu ni Mungu mpaka sauti inakauka, angesimama na Ario? Nikea ilitetea kitu anachokipenda kuliko vyote. Sidhani kama aliyemfundisha alimwambia hivyo.

Kuhusu mfalme: Konstantino aliitisha mkutano na kugharamia safari za maaskofu, hilo ni kweli. Lakini alipobatizwa akiwa kitandani mwaka 337, aliyembatiza ni Eusebio wa Nikomedia, rafiki wa Ario. Mwanawe Konstansio akawa upande wa wapinzani wa Nikea. Athanasio, askofu wa Alexandria aliyeshikilia imani ya Nikea, alifukuzwa mjini kwake mara tano, jumla kama miaka 17, na mara nyingi ni wafalme walioamuru. Kama imani hii ingekuwa mali ya ikulu, ingekufa nao. Ilibaki, na mwaka 381 kule Konstantinopoli wakaungama waziwazi kwamba Roho Mtakatifu anaabudiwa pamoja na Baba na Mwana.

Na kwa kuwa swali la "lini lilianza" limeulizwa, ni haki liulizwe kote. Ubatizo wa jina la Yesu peke yake, kwa namna mumeo alivyoupokea, ulianza kuenea baada ya mahubiri kwenye mkutano wa Wapentekoste karibu na Los Angeles, Marekani, mwaka 1913. Wapentekoste wenzao waligawanyika kwa jambo hilo, na mwaka 1916 kanisa la Assemblies of God lilishika Utatu, wengine wakatoka. Simwambii haya ili aaibike. Jambo la mwaka 1913 linaweza kuwa kweli na la mwaka 213 likawa uongo. Tarehe peke yake haiamui.

Matendo ya Mitume inasema kweli "kwa jina lake Yesu Kristo," 2:38, tena 10:48, na Mathayo 28:19 inasema "kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu." Jina, si majina. Je, mitume walimwasi Bwana wao ndani ya siku hamsini? Kuna mwongozo wa Wakristo wa kale sana uitwao Didake, wa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili. Sehemu moja unaagiza kubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na mbele kidogo unawataja watu walewale kuwa "waliobatizwa kwa jina la Bwana." Mwandishi hakuona mgongano wowote. Kubatizwa kwa jina la Yesu kulimaanisha kuwa mali yake, tofauti na wale waliobatizwa na Yohana.

Kwa hiyo, uingie mtoni? Hapana.

Umeandika kwamba maji ni maji, lakini nadhani huamini hivyo, la sivyo usingeniandikia. Mtu akibatizwa anaungama. Ukiingia mle utakuwa umesema mbele ya watu kwamba ubatizo wako wa kwanza haukuwa kitu, na wa binti yako haukuwa kitu, na moyoni unajua umesema uongo ili mwanamume asikasirike. Yeye naye atatoka pale akiamini amepata mwenzake katika imani, kumbe amepata mtu aliyechoka. Anastahili zaidi ya hapo. Mwambie hivyo: "Baba watoto, nakuheshimu, siwezi kukudanganya majini." Ubatizo wako ulikuwa wa maji na wa Neno. Waefeso 4:5 inasema "ubatizo mmoja," na Walutheri, Wakatoliki na Waanglikana, pamoja na mabishano yao yote, hawarudii ubatizo wa mwenzao uliofanywa kwa maji na kwa jina hilo.

Kwa mtoto nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Usimbatize kwa siri. Namheshimu mama mkwe wako, najua uchungu wa bibi anayeona mjukuu anapita bila maji, lakini mpango huo ukatae. Mumeo atateremka mlimani na mzigo mgongoni akute mambo ya mtoto wake yameamuliwa nyuma yake na mama yake na mkewe. Hatasahau, na kila mara atakapoona cheti cha ubatizo ataona usaliti. Tena mchungaji mwenye busara atauliza baba yuko wapi.

Nenda kwa mchungaji wako mapema, kabla ya Desemba, umweleze kila kitu kama ulivyonieleza mimi, pamoja na habari ya pombe. Mwombe akutane na mumeo wakiwa wawili tu, si mbele ya wazee wa kanisa wala ukoo uliojaa uani. Mumeo akikubali, mtoto abatizwe. Akikataa, subiri. Mpe mama mkwe mfano huu, atauelewa: Monika, mama yake Augustino, alikuwa Mkristo aliyeolewa na mume asiyeamini. Mwanawe hakubatizwa utotoni. Alibatizwa Milano mwaka 387, ana miaka 32, mama yake akiwa hai na ameona. Huyo mtoto aliyecheleweshwa maji ndiye aliyekuja kuandika kuhusu Utatu kwa kina kuliko karibu wote waliomtangulia. Wakati unasubiri, mlee mtoto katika sala, mpeleke kanisani, mwombee kwa jina ulilobatizwa kwalo wewe. Hakuna aliyekukataza hayo.

Kuhusu Waislamu wa Majengo: mumeo asiwatumie kama fimbo ya kukuchapia. Wanaamini Mungu mmoja kwa dhati, na wangemkatalia yeye kabla hawajakukatalia wewe, maana yeye anasema Yesu ndiye Mungu mzima. Waacheni wawe majirani.

Ile meza ndiyo inayonisumbua kuliko mengine yote. Mtoto wa miaka saba akikatishwa katikati ya sala anajifunza kwamba Mungu ni mahali pa kuogopa kukosea. Kubaliana na mumeo jambo moja hata kama mengine yote yamekwama: hakuna anayekatisha sala ya mtoto, na hakuna anayemfanya mtoto hakimu kati ya baba na mama. Na mezani, kwa sasa, salini Baba Yetu. Kundi lake hawawezi kuikataa, ni Yesu aliyeifundisha, na wewe hukosi kitu chako humo ndani. Mwacheni binti aiongoze, aimalize mpaka amina.

Halafu usiku mmoja akiwa ameshuka salama na amepumzika, mwombe akusomee Yohana 17 kwa sauti, yeye asome, wewe usikilize tu. Usimkosoe popote. Akifika mwisho, mwambie umependa sauti yake, kisha muulize lile swali la aya ya 24: kabla ya ulimwengu kuwekwa msingi, Baba alikuwa anampenda nani? Mwachie alale nalo. Utaniandikia alivyojibu.

Mwalimu